Kabla ya Sindano, Daftari

Siku yangu ya kwanza kutoa damu kwenye kundi la ng'ombe nilijiona fundi. Tyubu arobaini na mbili zilijaa kabla jua halijawa kali, na sikupigwa teke hata moja. Jioni, maabara, nikakuta barafu imeyeyuka ndani ya kisanduku na maji yamefuta namba zote nilizoandika kwa wino wa kawaida. Sampuli tatu zikaonyesha brusela, ugonjwa wa bakteria unaofanya ng'ombe watupe mimba. Za ng'ombe gani? Hakuna aliyejua. Tulirudi kutoa damu ya kundi zima upya, na mwenye mifugo hakutukaribisha hata chai.

Wewe unayeanza kazi hii, sindano utaizoea ndani ya wiki mbili. Mshipa wa mkia unapatikana kwa kuinua mkia wima na kupapasa kijifereji chini yake, katikati. Ukishindwa, nenda shingoni. Kinachochukua miaka ni kujifunza kwamba damu peke yake haikuambii mengi.

Chukua mfano wa kipimo cha Rose Bengal, ambacho ndicho utakachokutana nacho kwanza. Tone la seramu, yaani majimaji yanayojitenga damu ikiganda, na tone la antijeni ya rangi ya waridi (bakteria wa brusela waliouawa) huchanganywa kwenye kigae cheupe, kinatikiswa taratibu dakika 4, kisha unatazama kama kuna chembechembe. Zikitokea, ng'ombe ana kingamwili, askari wa mwili, dhidi ya brusela. Kipimo hakikuelezi alizipata wapi. Chanjo ya brusela iitwayo S19 ni bakteria hai waliodhoofishwa, nayo huacha kingamwili zilezile. Ndama jike aliyechanjwa akiwa na miezi 3 hadi 6 kwa kawaida atakuwa ameshazipoteza anapofikia utu uzima. Aliyechanjwa akiwa mkubwa anaweza kubaki nazo muda mrefu, na ukimpima atasomeka mgonjwa. Niliwahi kuona mtamba mzuri akitengwa kwenda machinjioni kwa sababu hiyo. Aliponea kwa kijikaratasi cha chanjo kilichokuwa kimekunjwa ndani ya koti la mchungaji. Ndiyo maana jibu la Rose Bengal huthibitishwa kwa kipimo kingine, kama ELISA, ambacho husomwa kwa mashine. Hata hivyo, kama kundi lilichanjwa kwa S19, tarehe ya chanjo na umri wa mnyama siku ile vina uzito kuliko mashine. Chanjo nyingine ya brusela, RB51, haina usumbufu huu, kwa kuwa bakteria wake hawana ile sehemu ya nje ambayo vipimo vya kawaida huitafuta.

Jibu hasi nalo lisikulaze usingizi. Mnyama aliyeambukizwa juzi bado hajatengeneza kingamwili za kutosha. Mtamba aliyezaliwa na mama mgonjwa anaweza kuonekana safi hadi azae, au atupe mimba, ndipo damu iseme. Kwa hiyo kundi halitangazwi safi kwa kupimwa mara moja, na aliyezaa jana mrudie baada ya wiki tatu hivi. Wafugaji hawapendi kuambiwa hivi. Waambie kabla hujaanza kazi, usisubiri majibu yatoke.

Kwa sampuli zenyewe: tumia tyubu isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache kivulini damu igande yenyewe, usiitikise, usiigandishe kabla seramu haijatengwa. Seramu iliyogeuka nyekundu inasomeka kwa shida. Namba ya hereni ya sikio la ng'ombe iandikwe kwa kalamu isiyofutika na ifanane na ya daftarini. Mimi huisoma kwa sauti, mwenzangu anairudia huku akiandika. Watu hutucheka.

Upande wa chanjo, kosa la wageni wengi ni usafi uliopitiliza. Unachemsha bomba la sindano, sawa. Kisha unalisuuza kwa dawa ya kuua vijidudu. Umeshaua chanjo. Bakteria walewale uliowatunza kwenye nyuzi 2 hadi 8 njia nzima wanafia ndani ya bomba, na wewe unaendelea kuchoma maji. Jua nalo huwaua. Fahali usimchanje kwa S19, inaweza kumharibu korodani. Wala usiguse wenye mimba bila agizo la daktari wa mifugo, maana chanjo hiyo inaweza kuitoa. Kila aliyechanjwa atiwe alama siku hiyohiyo, pale pale kwenye kibano anachobanwa mnyama asitoroke.

Nimebakiza ngozi yako. Brusela humpata binadamu, na sisi ndio tulio karibu: kondo la nyuma, maji ya uzazi, kijusi kilichotupwa, maziwa mabichi. Usivute kondo kwa mikono mitupu, hata mwenye ng'ombe akikuona mwoga. Vaa glavu na miwani unapochanja pia, kwa sababu sindano ya chanjo hai ikikuchoma, au tone likikurukia jichoni, unaweza kuugua kweli. Hilo likitokea nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na kichupa chenyewe mkononi. Daktari akiona ni RB51 hatategemea rifampisini, dawa ambayo hutumika sana kutibu brusela, kwani bakteria wa chanjo hiyo ni sugu kwake. Ukisema tu "nilijichoma na chanjo ya ng'ombe", hatakuwa na njia ya kulijua hilo.