Jibu: Vidole kufa ganzi kwa kuchapa

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini dole gumba na vidole viwili vinavyofuata vinakufa ganzi ukichapa kwenye kompyuta kutwa. Mshipa wa fahamu wa vidole hivyo hupita kwenye njia nyembamba kifundoni mwa mkono; ukikunja kifundo unaubana. Kunja vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, ilale bapa, kifundo kisikunjike! Wengi huviinua wakidhani ndiyo sahihi. Viwiko viwe usawa wa kibodi, mabega yashuke, viganja visiegemee ukingo wa meza. Mimi nachapa ripoti za wanachuo hapa Ng'ong'ona, Dodoma. Kiti kilikuwa kifupi, nikaweka mto, maumivu yakapungua. Bonyeza taratibu, usigonge. Ganzi ikikuamsha usiku, nenda hospitali, usingoje.