Kampuni Kongwe ya Simu Ikileta Teknolojia Mpya: Namna ya Kuipima

Ukianza kazi ya simu, iwe ni kuagiza mzigo, ufundi, kutengeneza programu au kuandika habari zake, swali hili utaulizwa kabla mwezi haujaisha: kampuni fulani kubwa imetangaza kitu kipya, je, itaongoza? Wengi wanaoanza hujibu kwa kutazama jina. Mmoja atasema wakubwa hawashindwi, mwingine atasema wakubwa wamelala na wadogo watawapita. Weka jina pembeni. Chukua karatasi, ichambue teknolojia hiyo sehemu kwa sehemu, na kwa kila sehemu uliza mambo mawili: nani anaimiliki, na ikishika soko itaua biashara gani ya kampuni hiyohiyo?

Tuanze na simu za kukunja. Sehemu ngumu ni tatu: skrini inayopinda, bawaba, na tabaka la kinga juu ya skrini. Wa kwanza kuitangaza simu ya namna hii hakuwa Samsung. Royole, kampuni changa iliyokuwa na kiwanda chake cha skrini, ilionyesha FlexPai mwishoni mwa Oktoba 2018. Mwaka 2024 ikafilisika. Kiwanda ilikuwa nacho. Ilichokosa ni wateja wa kutosha wa kukilisha. Samsung Display, kampuni tanzu ya Samsung Electronics inayotengeneza simu za Galaxy, huuza skrini za OLED hata kwa Apple, kwa hiyo kiwanda kinalipa mishahara hata kama simu za kukunja hazitoki dukani. Usiishie kuuliza kama wanaweza kukitengeneza kitu. Uliza nani analipa gharama katika miaka ile ambayo kitu hicho bado hakijauzika.

Aprili 2019 Galaxy Fold, yenye bei ya dola 1,980, iliharibika mikononi mwa waandishi siku chache kabla ya kuingia sokoni. Sababu zilikuwa mbili, na fundi anayeanza azikariri. Ya kwanza, tabaka la kinga lilionekana kama ile nailoni ya kubandua simu ikiwa mpya, basi wengine wakalibandua. Ya pili, uchafu ulipenya kwenye uwazi wa bawaba, juu na chini, ukavimbisha skrini kutoka ndani. Uzinduzi ukasimamishwa. Simu iliporudi Septemba, tabaka lilikuwa limepitishwa chini ya fremu ili lisishikike kwa kucha, ncha za bawaba zimewekewa vifuniko, na chini ya skrini pameongezwa chuma. Februari 2020 ikafuata Z Flip yenye kioo chembamba sana, na mwaka 2021 Z Fold3 ikapata kiwango cha kinga cha IPX8.

Herufi hiyo X isikupite. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. X maana yake hakuna kiwango cha vumbi kilichotolewa. Mteja wa Dodoma au Lodwar hasumbuliwi na bwawa la kuogelea, anasumbuliwa na vumbi. Z Fold6 ya 2024 ilipanda hadi IP48, na hiyo 4 inazuia vitu vinavyozidi milimita 1 tu, kwa hiyo mchanga mwembamba na vumbi bado vinapita. Mwambie mnunuzi hivyo kabla hajalipa. Mwambie pia asibandue tabaka la skrini ya ndani wala asikubali kubandikiwa kioo kigumu juu yake.

Kuongoza nako hakudumu. Mwaka 2023 Z Fold5 ikiwa imekunjwa ilikuwa na unene wa milimita 13.4, wakati Honor Magic V2 ilikuwa milimita 9.9. Mwaka huohuo Tecno, jina ambalo Kariakoo nzima inalijua kwa simu za bei nafuu, ikatoa Phantom V Fold. Kampuni inayojulikana kwa bei nafuu ikiingia, andika kwenye karatasi yako kwamba skrini na bawaba sasa zinanunulika, na aliyekuwa akizitegemea kama ngome amebaki wazi. Septemba 2024 Huawei ikaleta Mate XT inayokunjwa mara mbili, na Samsung ikawa ndiyo inayofuata nyuma.

Sasa igeuze karatasi. Upande wa pili ni Nokia, na hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani ilishindwa kwa kukosa teknolojia. Haikukosa. Ilikuwa na redio bora, betri, viwanda, na mtandao wa usambazaji uliofikisha Nokia 1100, ile ya tochi, hadi vijijini. Iliiuza simu hiyo takriban milioni 250. Skrini ya kugusa ilinunulika. Sehemu iliyoikwaza ni mfumo endeshi.

Mfumo huo, Symbian, ulitokana na vikompyuta vya mkononi vya Psion, na sura ya S60 iliyowekwa juu yake ilijengwa kwa vitufe: mshale juu, mshale chini, vitufe viwili vya kuchagua. Mwishoni mwa 2008 Nokia ilipotoa 5800 XpressMusic, mguso ulibandikwa juu ya mpangilio uleule wa vitufe. Kwenye orodha nyingi mguso wa kwanza ulichagua tu, wa pili ndio uliofungua. Na sehemu nyingine za simu hiyohiyo zilifunguka kwa mguso mmoja. Skrini yenyewe ilitaka kubonyezwa, haikuhisi kidole kama ya iPhone. Ndiyo maana tunakushauri kila simu mpya ikifika, ufanye mtihani wa vidole: chagua kazi tano za kila siku, kama kutuma ujumbe au kutafuta namba, na uhesabu miguso ya kila moja. Hesabu ikibadilika-badilika bila mpango, mfumo wa zamani bado uko chini yake.

Halafu lile swali la pili, la biashara itakayouawa. Nokia ilikuwa na kifaa cha kugusa kinachotumia Linux tangu 2005, Nokia 770. Kiliingia mtandaoni kwa Wi-Fi, lakini hakikuwa na mahali pa kuweka laini. Ni N900 ya 2009 iliyokuja kuwa simu kamili, na wakati huo iPhone ilikuwa imeshauzwa kwa zaidi ya miaka 2. Ukiona kampuni inakinyima kifaa chake kipya kile kitu kimoja ambacho kingekifanya kishindane na bidhaa inayoilisha, usitarajie iongoze.

Wafanyabiashara wa jumla wana somo lao hapa. Februari 2011 Nokia ilitangaza inahamia Windows Phone, mfumo wa Microsoft, na simu yake ya kwanza ya mfumo huo, Lumia, haikuwa dukani hadi mwishoni mwa mwaka. Miezi yote hiyo Symbian ilikaa rafuni ikiwa imeshatangaziwa kifo na mwenyewe, na N9 ikazinduliwa Juni kwa mfumo ambao tayari ulikuwa umeachwa. Aprili 2014 kitengo cha simu kikawa mali ya Microsoft. Ukisikia tangazo la namna hiyo kuhusu mzigo ulionao stoo, shusha bei wiki hiyohiyo. Kila mwezi unaosubiri unakula faida.

Wakati mwingine teknolojia mpya ya simu haipiti kabisa kwa mtengenezaji wa simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na menyu yake ilikaa kwenye laini, kwa hiyo kitochi cha bei ya chini kabisa kilituma pesa. Mwaka 2009 Nokia ilitangaza huduma yake ya pesa, Nokia Money, na 2012 ikaachana nayo. Ilichomiliki Safaricom ni laini na mtandao wa mawakala, na sehemu hizo mbili huzitengenezi kiwandani Finland.

Kwa hiyo kabla hujaagiza, jaza karatasi hiyo kwanza. Toleo la kwanza chukua machache ya kuonyesha, na subiri la pili au la tatu ndipo ujaze stoo. Ulizia bei ya skrini ya ndani kama spea na muda wa kuipata ulipo. Ikiwa fundi wako hawezi kuipata, mweleze mteja hivyo kabla hajatoa hela.