Kabla ya kuomba pesmeka yako iongezwe mapigo, uliza waya umekaa wapi

Wagonjwa wenye moyo ulioshindwa wanaokuja kupimwa pesmeka, au betri ya moyo kama wengi wanavyoiita, karibu wote huniuliza jambo moja: iongezwe au ipunguzwe? Kazi yangu ni kusoma vifaa hivi na kuvipanga pamoja na daktari, na siku zote najibu kwamba namba ya mapigo inakuja mwisho. Kwanza tujue moyo umeshindwa kwa namna gani, na waya unaopeleka umeme wa kifaa kwenye moyo umefika wapi.

Pesmeka nyingi hutoka kiwandani zimepangwa zisiruhusu moyo kushuka chini ya mapigo 60 kwa dakika. Hiyo ni namba ya kuanzia, haikukokotolewa kwa mwili wa mtu yeyote. Inasikitisha kuona mgonjwa amekaa nayo miaka, anahema, na hakuna aliyejiuliza kama inamfaa.

Kuna moyo uliotanuka na kulegea, unaosukuma damu kidogo kila unapodunda. Kuna na moyo uliokakamaa: kusukuma unasukuma vizuri, ila haulegei vya kutosha kupokea damu, basi presha ndani yake inapanda na maji yanajaa kwenye mapafu. Wote wawili watakwambia pumzi inawakatika kwenye ngazi. Ukiwapandishia mapigo kwa mkupuo mmoja, unaweza kumsaidia mmoja na kumuumiza mwenzake.

Kwa moyo uliolegea, onyo lilitoka Marekani mwaka 2002 katika utafiti wa DAVID. Watu 506 wenye kifaa cha kushtua moyo, ambacho pia huweza kuudundisha kama pesmeka, waligawanywa: wengine kifaa kiliudundisha moyo angalau mara 70 kwa dakika, wengine kiliachwa kingoje mpaka mapigo yashuke chini ya 40. Baada ya mwaka mmoja, katika kundi la 40, takriban asilimia 84 hawakuwa wamekufa wala kulazwa kwa moyo kushindwa. Katika kundi la 70 walikuwa asilimia 73. Lawama kubwa iliuangukia waya uliokaa kwenye chemba ya chini ya kulia. Umeme ukianzia hapo, upande wa kulia hujikaza kwanza na wa kushoto huchelewa, na moyo ambao tayari ni dhaifu huzidi kuchoka.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont walitoa matokeo ya myPACE. Hawa walishughulika na mioyo iliyokakamaa, watu 107. Nusu walibaki na 60, wengine wakapewa namba iliyokokotolewa hasa kwa urefu wa mtu, mfupi akipewa zaidi, na wengi wakaangukia karibu na 75. Walioongezewa walijisikia nafuu, wakawa wanajishughulisha zaidi, na kipimo cha damu kinachoonyesha moyo kulemewa kikashuka. Lakini walichaguliwa watu ambao vifaa vyao haviulazimishi moyo kuanzia kulia: umeme ulipita njia yake ya asili, au nyaya zilisukuma pande zote mbili kwa pamoja. Ni utafiti wa kituo kimoja, nami nauheshimu bila kuufanya sheria.

Ndiyo maana nakataa kabisa tabia ya wagonjwa kunakiliana namba.

Ukienda kliniki, omba karatasi ya majibu na utafute asilimia ya mapigo ya chemba za chini yanayoanzishwa na mashine. Ikiwa ni 1 au 2, kuna nafasi ya kuzungumzia kuongeza. Ikiwa ni 40 na kuendelea, waya ni mmoja wa kulia, na nguvu ya kusukuma inashuka, muulize daktari kama unahitaji kifaa cha pande zote mbili. Mwenye kifaa hicho tayari anataka kinyume chake: asilimia iwe juu ya 98 ikiwezekana, kwa sababu kila pigo linalokikwepa ni faida iliyopotea.

Wakati mwingine shida wala haiko kwenye namba ya chini. Mama mmoja alilalamika kwamba akifika katikati ya ngazi nguvu humwishia ghafla. Tulipanda naye, amevaa kipimo kidogo cha mapigo. Yalipanda taratibu, 100, 110, 118, halafu kioo kikasoma 60. Chemba za juu zilikuwa zimefika kasi ambayo kifaa hakikupangiwa kuifuata, kikawa kinafuata pigo moja na kuacha moja. Daktari alirekebisha kikomo cha juu, namba ya chini haikuguswa, na mama akapanda ngazi zile zile huku tunaongea.

Mwenye maumivu ya kifua aseme mapema kabla ya kuongezewa chochote. Mishipa inayolisha moyo hupata damu zaidi kati ya pigo na pigo, na ukiharakisha unapunguza muda huo. Dawa usiache wala usipunguze mwenyewe kwa sababu mapigo yamebadilishwa.

Na ombeni kubadilishiwa kitu kimoja kwa wakati, mjue kilichosaidia. Wiki zinazofuata pima uzito kila asubuhi baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, na uandike. Moyo ukikugonga usiku hata usingizi ukakosekana, sema, maana vifaa vingi vinaweza kupangiwa mapigo ya chini wakati wa kulala. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikavimba, au ukahitaji mto wa ziada ili uweze kuhema ukilala, rudi kliniki siku hiyo hiyo, hata kama miadi yako ni ya mwezi ujao.