Mahindi matupu kila mwaka na gunia zinapungua: jibu langu kuhusu mbaazi

Mkuu, nimekusoma. Ekari tatu, mahindi matupu miaka yote, mbolea unaweka na bado gunia zinapungua kila msimu. Jirani anakushauri uchanganye na mbaazi, wewe unaogopa zitayabana mahindi. Mimi nalima Babati, mkoani Manyara, na huku mahindi na mbaazi kukaa shamba moja ni kawaida tangu enzi za wazee wetu, kwa hiyo nakujibu kwa yale ninayoyaona shambani.

Hofu ya kubanwa ina ukweli kwa mazao mengine, lakini si kwa mbaazi ya muda mrefu, yaani ile inayochelewa kukomaa. Ikiota huonekana kama imedumaa. Miezi ya mwanzo, wakati mahindi yanapigania chakula na mwanga, yenyewe iko chini inashusha mzizi. Huchangamka mahindi yakishakomaa. Sisi tunavuna mahindi kwenye mwezi wa saba, tunakata mabua, ndipo mbaazi inatanua matawi, inachanua na kubeba maganda kwa unyevu uliobaki chini, mvua zimeshakatika. Inavunwa kuanzia mwezi wa nane hadi wa kumi. Ukitaka mavuno hayo hayo kwa kutenga mahindi peke yake na mbaazi peke yake, ekari moja haitakutosha.

Sasa tuje kwenye udongo, maana tatizo lako liko hapo. Shamba linalolimwa kwa plau kila mwaka kwa kina kile kile hujenga tabaka gumu chini kidogo ya pale jembe linapoishia. Mizizi ya mahindi ikifika hapo inapinda na kwenda pembeni. Ya mbaazi hupenya, inaweza kushuka zaidi ya mita moja, na ikishakufa inaacha njia ambazo maji na mizizi ya msimu unaofuata hupita. Tena kwenye udongo mwekundu, ambako fosforasi, kirutubisho ambacho mahindi yanakihitaji, imeshikwa na chuma kiasi kwamba mahindi hayaipati, mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoifungua. Hii mimi naiona ni kazi kubwa kuliko inavyosemwa, kwa sababu watu wakisikia mikunde, yaani jamii ya mbaazi, kunde na maharage, wanawaza naitrojeni tu, kirutubisho kinachokuza majani.

Naitrojeni nayo usiikubali kwa maneno, ikague. Kabla mbaazi haijachanua, udongo ukiwa bado na unyevu, chimba mche mmoja taratibu na jembe. Usiung'oe, vinundu, yaani vivimbe vidogo vya kwenye mizizi, vitabaki ardhini. Suuza mizizi, chukua kinundu kimoja ukipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa cha pinki au chekundu, bakteria wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kinachoendelea, na moja ya sababu inaweza kuwa fosforasi iliyopungua. Ndiyo maana sikushauri uache mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Unachoweza kupunguza polepole miaka ijayo ni ya kukuzia, ile ya naitrojeni.

Halafu kuna majani. Mbaazi inapokomaa huyapukutisha mengi na yanafunika ardhi. Mvua za kwanza zikipiga, nenda uangalie: palipobaki majani maji yanaingia, jembe linashuka bila shida, na udongo unabaki na mabonge madogo yanayovunjika kwa vidole. Palipo wazi juu panaganda ukoko, maji yanateleza na kuondoka na rutuba. Hapa ndipo wengi tunapopoteza faida. Mahindi yakivunwa tu ng'ombe wanafunguliwa mashambani, wanakula mabua na kuvunja mbaazi. Zungumza na majirani mapema, na kama kijiji chenu kina sheria ndogo ya kuzuia mifugo hadi mbaazi zivunwe, isimamieni kweli. Bila hilo udongo hautapata kitu.

Maharage je? Panda, ni chakula na hela ya haraka, ila usitegemee yarutubishe shamba kama mbaazi au kunde, naitrojeni yanayovuta ni kidogo. Alizeti na ufuta ni mazao mazuri ya kubadilishia, lakini si mikunde. Kuwa na mazao mengi pekee hakutoshi, angalia kila moja linafanya kazi gani ardhini. Kama shamba lako lina kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, jua kwamba magharibi mwa Kenya wakulima wanapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, katikati ya mistari ya mahindi na mabingobingo pembeni, njia iliyoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu. Mizizi ya desmodiamu huichochea mbegu ya kiduha iote kisha ikafa kabla ya kujishika kwenye mhindi. Nondo wa funza anayetoboa mabua ya mahindi naye hufukuzwa na harufu ya desmodiamu na kuvutwa na mabingobingo. Kama una ng'ombe wa maziwa, hayo yote mawili ni malisho.

Upande wa soko nakuambia kweli: mbaazi iliwaumiza watu mwaka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuingiza na bei ikaanguka hadi wengine hawakuona faida ya kuvuna. Waliokuwa na mahindi kwenye shamba hilo hilo walikula. Waliopanda mbaazi tupu kwa kufuata bei ya msimu uliotangulia ndio walioumia zaidi.

Kwako ningeanza na ekari moja tu. Nafasi ya mstari hadi mstari sentimita 90, mbaazi uipande siku moja na mahindi, kwenye mstari ule ule katikati ya mashimo ya mahindi, ili palizi isikusumbue. Tafuta mbegu ya muda mrefu inayostahimili mnyauko, huku tunatumia sana iitwayo Mali. Ekari ya pili weka mikunde mitupu, iwe kunde au karanga, mwaka ujao irudi mahindi. Ya tatu endelea ulivyozoea upate cha kulinganishia, na upime gunia za kila ekari kivyake.

Ila mbaazi ya muda mrefu inataka ubaridi kidogo ili ichanue kwa wakati. Ukanda wa joto wa chini huchelewa au hukataa, na huko ni afadhali ya muda wa kati. Kwa hiyo taja uko wilaya gani na mvua zako zinakatika mwezi gani, ndipo tuzungumze mbegu.