Kwenu munaoanza staji ku sistoskopi

Wadogo zangu munaoanza ku chumba cha sistoskopi hapa Bukavu, pale tunaangalia ndani ya kibofu na kamera ndogo, mashini mutaizoea haraka, mimi nataka niongee juu ya jeli. Jeli ya lidokaini ya 2%, ile dawa ya ganzi, ukishaiingiza mu njia ya mkojo, ngoja dakika 5 mpaka 10, weka saa mbele yako. Mama njia yake ya mkojo iko kama sentimita 4 tu, lakini papa inakaribia 20 na iko na kona, na pale ku prostati njo utaona vidole vya miguu vinakunjika. Mwezi wangu wa kwanza koridori ilikuwa imejaa watu, nikakimbiza kazi, muzee mumoja akanishika mukono akaniuliza pole pole, "mwanangu, hii dawa yenu inafanyaga kazi saa ngapi?" Nilikosa jibu.

Mbele ya yote angalia majibu ya mkojo. Kama kuna infeksyo, mugonjwa atibiwe kwanza, hata kama ametoka Kadutu kwa miguu na atakukasirikia.

Maji ya kujaza kibofu: seromu fizyolojiki, yale maji ya chumvi, ni ya kuangalia tu. Dokta akisema ataunguza kitu na koteri ya monopola, hiyo chumvi inapitisha umeme na koteri haitakamata, kwa hiyo uliza mbele ya kutundika, na soma etiketi maana hizo pochi zinafanana kama mapacha. Umeme ukikatika na kamera iko ndani, usivute kitu, shika vile vile, funga maji, ongea na mugonjwa mpaka grupu (jenereta) iwake.

Akirudi nyumbani mwambie mkojo wa rangi ya waridi na kuunguzwa siku moja ama mbili si shida, anywe maji. Lakini homa, mapande ya damu, ama mkojo kukataa kutoka, arudi hata usiku.

Sasa sondi ya JJ, ule mpira mwembamba wa kupitisha mkojo toka figo mpaka kibofu, hii inaniumizaga kichwa zaidi. Ikiwekwa maumivu yanaisha, mtu anaenda zake Shabunda anasahau kabisa kama kuna mpira ndani, anarudi mwaka umepita mawe yameshikana juu yake, kitu ambacho tungevuta kwa dakika chache na pense kinakuwa operasyo. Andika mu kaye tarehe ya kutoa, na namba mbili za simu, yake na ya mtu mwenye simu haizimagi, mara nyingi ni bibi yake ama wa duka la jirani.