Kabla Hujamwinua Mgonjwa Kitandani

Katika wodi ya tiba, ni nadra mgonjwa anayeandikiwa fiziotherapia kuwa na ugonjwa mmoja tu. Chukua mfano unaojirudia kila wiki: mama wa miaka sitini na kitu, kiharusi kimemlegeza upande wa kushoto, ana presha na sukari za miaka mingi, figo zimechoka na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Fomu imeandikwa "mazoezi", basi. Ukikimbilia kupima nguvu za misuli umeanzia mwisho. Kwanza ujue mwili wake unahimili nini leo, maana hali yake ya jana si lazima iwe ya leo.

Anza na faili, na lisome ukitafuta mambo maalumu. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 7 g/dL iliyokaa hivyo kwa miezi huonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa figo, na mwili huwa umeizoea. Iliyoshuka kutoka 11 hadi 7 ndani ya siku mbili ni habari nyingine kabisa: huenda damu inavuja mahali, na mgonjwa huyo abaki kitandani hadi daktari amwone. Potasiamu ya kawaida katika damu ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L, ikivuka 6 ahirisha, kwa sababu mdundo wa moyo unaweza kuvurugika bila dalili yoyote ya kutangulia. Angalia pia kiharusi ni cha mshipa kuziba au kupasuka, kilianza lini, na daktari ameweka kikomo gani cha presha. Utafiti wa AVERT, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi walioanza kuinuliwa ndani ya saa 24 kwa vipindi vingi na vizito walipata matokeo mabaya zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Siku ya kwanza vipindi viwe vifupi.

Ratiba ya kusafishwa damu ndiyo inayosahaulika zaidi. Saa chache baada ya kutoka kwenye mashine, maji yameondolewa mwilini, presha iko chini na uchovu ni mkubwa. Ukimpima wakati huo utamwandika dhaifu kuliko alivyo. Kama anasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, basi Jumatatu asubuhi amebeba maji na potasiamu za siku mbili nzima. Siku ya katikati, isiyo ya kusafishwa damu, ndiyo inayoonyesha uwezo wake halisi.

Kisha muulize muuguzi: amekula? Insulini alichomwa saa ngapi? Sukari ni ngapi sasa? Chini ya 4 mmol/L usiendelee. Na hapa tahadhari: ile dawa ya haraka ya vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji ni kwa anayemeza salama. Mwenye kiharusi ambaye umezaji wake haujapimwa anaweza kupaliwa, maji yakaingia mapafuni. Huyo apewe glukosi kwa mshipa.

Ndugu anayemuuguza ana taarifa ambazo faili halina. Mama alikuwa akitembea bila fimbo? Choo cha nyumbani ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kiko ndani au uani, na kuna ngazi? Lengo la tiba linatoka kwenye majibu hayo.

Ukifika kitandani, fuata kila mpira kwa macho kutoka mwilini hadi unapoishia: dripu, oksijeni, mfuko wa mkojo ambao lazima ubaki chini ya kibofu. Mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu) haupimwi presha wala hauvutwi. Mkono uliopooza nao usiushike kumwinulia, bega litateguka. Kipimo cha oksijeni kikisoma chini ilhali anapumua kwa utulivu, tazama kidole kabla ya kuogopa: piko, rangi ya kucha na baridi hupotosha usomaji.

Sasa pima kwa hatua. Alale dakika tano, upime presha, mapigo, oksijeni na idadi ya pumzi kwa dakika. Mkalishe ukingoni, breki za kitanda zikiwa zimefungwa na nyayo zikigusa sakafu. Miguu ikining'inia, weka kigoda. Pima dakika ya kwanza na ya tatu. Akisimama, vivyo hivyo. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, imeshuka kupita kawaida, lakini tazama na mapigo. Yakipanda sana, fikiria upungufu wa maji au damu. Yasipopanda, huenda sukari imeharibu neva zinazoongoza moyo, au anatumia dawa kama atenolol inayoyazuia. Kwa mgonjwa huyo mapigo si kipimo cha juhudi. Tumia mizani ya Borg ya 0 hadi 10, ambayo mgonjwa mwenyewe anataja ugumu anaousikia, au sikiliza kama anamaliza sentensi bila kuhema.

Presha ikishuka bila kizunguzungu, mwache akae, achezeshe vifundo vya miguu, kisha upime tena. Maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, jasho la ghafla, au udhaifu mpya: mlaze na uite daktari.

Nguvu za misuli, mizani ya 0 hadi 5, huchukua muda mfupi. Nyayo zisirukwe: gusa, uliza kama anahisi, kagua visigino na katikati ya vidole. Mwenye sukari anaweza kukanyagia kidonda asichokijua. Linganisha pia unene wa mashavu ya miguu, sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo mbele, chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 inatosha kumwambia daktari atafute damu iliyoganda kabla hujamsimamisha.

"Amevumilia vizuri" haimsaidii atakayekuja kesho. Andika hivi: "Ameketi ukingoni dakika 6, msaada wa mtu mmoja kiwiliwilini. Presha 148/86 akilala, 126/78 dakika ya kwanza, 138/82 dakika ya tatu, hana kizunguzungu. Oksijeni 95 bila mashine. Borg 3. Hakusimamishwa. Kesho, siku isiyo ya kusafishwa damu: kusimama, watu wawili." Nakala fupi ya maneno hayo ibaki kwa muuguzi wa zamu, pamoja na mkono upi umepimiwa presha.