MUULIZE FUNDI: AC juu ya paa la trela ya zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Texas, nimenunua trela ya kambi ya zamani, Shasta ya 1964, futi 16. Joto la huku mwezi wa nane, la Dar cha mtoto. Jamaa yangu ananiambia ninunue AC ya paani ya BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) niitumbukize kwenye tundu la hewa, eti kipimo ni hichohicho, inchi 14 kwa 14. Niendelee?
– Msomaji, Texas

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, hizo trela zinaisha. Kuhusu paa, hapana, usiendelee. Tundu litakubali kweli, ila paa halitakubali. Mashine hiyo ina kilo 40 hivi na paa lako ni bati la alumini juu ya vibao vyembamba, sasa trela inarukaruka barabarani, paa linabonyea taratibu, mvua ikinyesha maji yanatuama pale pale, yanapenya, mbao zinaoza. Hata leo panda kwenye kiti ubonyeze dari kwa kidole gumba kuzunguka lile tundu, ukikuta pamelegea au pana doa la kahawia ujue maji yalishaingia, anza na hapo.

Halafu umeme. AC hiyo inakula kama ampia 13, ikiwaka inavuta zaidi, na waya za trela za miaka ile mara nyingi ni za ampia 15 au 20 kwa kila kitu.

Chukua ya dirishani, BTU 5,000 au 6,000, inakula ampia 5 hivi, ukiegesha kivulini inatosha. Iweke chini kwenye kabati la nyuma, kibao imara chini yake, uifunge kwa mkanda wa chuma. Ila mgongo wake na yale matundu ya pembeni lazima vitoke nje, watu wanaificha yote kabatini inaanza kuvuta joto lake yenyewe mpaka kompresa inazima. Iinamishe kidogo kwa nje maji yatoke.

Ivutie laini yake, waya wa shaba namba 12 (unene kwa kipimo cha Marekani), breka ya ampia 20, na tafadhali sana fundi umeme apime waya wa ethi (ule wa usalama unaoondoa umeme uliovuja), maana bodi nzima ni bati, hitilafu moja tu mtoto anashika mlango na miguu imelowa anapigwa shoti. Hili usilifanyie ubahili.

Tundu la paa weka feni ya volti 12, pembeni uzibe kwa utepe wa butili (mpira laini unaonata), sio silikoni.